Baiskeli Imetoka Stoo: Maswali Yenu ya Mwisho wa Baridi

Barua za mwezi huu karibu zote zina habari moja: baridi ilikuwa ndefu, baiskeli ilikaa, sasa inatakiwa barabarani. Wengi wanadhani chombo kilichokaa kimepumzika. Hakikupumzika. Upepo umevuja, maji ya kuziba pancha yamekauka, kutu imepata nafasi, na mwenye chombo naye amepungua pumzi. Tumeanza na maswali ya chombo, kisha ya mwendeshaji.

SWALI: Baiskeli yangu ya barabarani imening'inia stoo miezi minne. Nimeifuta vumbi na kujaza upepo, kwa macho haina tatizo. Naweza kutoka nayo Jumamosi hii?

JIBU: Jumamosi iwe ya ukaguzi, Jumapili ndiyo ya kutoka. Tenga saa moja, uanze na vitu vinavyokusimamisha, kisha vinavyokubeba, mwisho vinavyokusogeza. Watu huanza na mnyororo kwa sababu ndio unaoonekana mchafu, ilhali mnyororo mchafu haujamvunja mtu jino.

Matairi: jaza upepo jioni na uyaache hadi asubuhi. Tyubu ya kawaida ya butili iliyokaa miezi lazima utaikuta imelala, na hiyo si pancha. Hewa hupenya kwenye mpira kidogo kidogo. Ila ukijaza jioni na asubuhi ukalikuta tairi laini, kuna tundu au valvu inavuja. (Tyubu za lateksi ni habari nyingine, zile hupungua kila usiku hata zikiwa nzima.) Kisha zungusha gurudumu taratibu kwenye mwanga huku ukibonyeza mpira kwa kidole gumba. Vijistari vyembamba kwenye sehemu inayokanyaga barabara vinavumilika kwa muda. Nyufa za ubavuni zinazoonyesha nyuzi za ndani hazivumiliki, tairi hilo litupe. Vipande vya chupa vilivyozama vichokoe kwa sindano sasa hivi, maana vingine havijafika ndani bado na vinasubiri uzito wako. Mtu wa kilo 75 kwenye tairi la milimita 28 anaweza kuanza na baa 5 nyuma na 4.5 mbele, halafu arekebishe kadiri anavyoona. Kama pampu yako inasoma psi, baa 1 ni psi 14.5.

Breki: kaza mikono yote miwili kwa nguvu mara kumi, baiskeli ikiwa imesimama. Kama waya una mpango wa kukatika, bora ukatikie stoo. Tazama pale waya unapobanwa na bolti na pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja tu ukiwa umefumuka, badilisha waya mzima. Ukibadilisha, usichanganye maganda ya nje. Ganda la waya wa gia lina nyuzi zilizonyooka, na nguvu ya breki inaweza kulipasua siku unapoihitaji breki kuliko siku zote. Kwa breki za kubana ringi, padi iliyong'aa kama kioo ipige msasa kidogo. Iliyofika kwenye mstari wake wa mwisho ibadilishe. Weka rula ubavuni mwa ringi yenyewe: ukiona mwanga katikati, ringi imelika ikawa na bonde, na kuta zake nyembamba zinaweza kufunguka kwa shinikizo la upepo.

Sasa vinavyokubeba. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na kuirudisha nyuma huku kidole chako kikigusa kiungo cha juu cha shingo ya usukani. Ukisikia mgongano mdogo, "tok", beringi za shingo zimelegea. Hapa wengi hukosea: wanakaza bolti ya juu pekee na hakuna kinachobadilika. Legeza kwanza bolti mbili za ubavuni mwa shingo, kaza ya juu robo mzunguko kwa wakati hadi mchezo uishe na usukani uendelee kugeuka kwa ulaini, panga usukani usawa na gurudumu, kisha ndipo ukaze zile za ubavuni. Bolti hizo huhitaji nyutoni-mita (Nm) 5 hivi. Kiwango kamili kimechapwa pembeni mwake. Kwa vifaa vya kaboni, kukisia kwa mkono ni kujitafutia ufa, tumia spana ya kupimia mkazo. Pedali hukazwa Nm 35 hadi 40, na kumbuka ya kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka kwa kuizungusha kuelekea upande wa saa.

Shika krenki (chuma kinachobeba pedali) uitikise kulia na kushoto, isicheze. Tikisa kila gurudumu vivyo hivyo. Minya spoki mbili mbili kuzunguka ringi. Iliyolegea utaijua mara moja, wenzake wanalia nayo imenyamaza. Mwisho inua baiskeli sentimita tano na uiachie idunde kwenye magurudumu. Sauti ya mpira peke yake ndiyo unayotaka. Kitu kikilia, kitafute.

Safari ya kwanza iwe dakika 20 karibu na nyumbani, na alenki mfukoni.

SWALI: Mnyororo wangu una kutu ya rangi ya chungwa. Niusafishe au ninunue mpya? Na mwaka jana niliweka mpya, ukawa unaruka kila nikikanyaga kwa nguvu. Ulikuwa mbovu?

JIBU: Anza na swali la pili, kwa sababu ndilo litakaloamua la kwanza. Mnyororo ule haukuwa mbovu. Kaseti yako, lile rundo la gia za gurudumu la nyuma, ndiyo iliyokuwa imelika ikafuata mnyororo wa zamani. Tunasema mnyororo "umerefuka", lakini chuma hakijavutika. Pini na matundu yake yamelika kidogo kila kiungo, na ukijumlisha, urefu unaongezeka. Meno ya kaseti nayo hujichimba kufuata urefu huo mpya. Ukileta mnyororo mchanga, viungo vyake havikai tena kwenye mabonde ya meno, vinapanda juu na kuruka, hasa kwenye gia ndogo unazozitumia zaidi.

Kwa hiyo pima. Kipimo cha mnyororo cha kuchomeka ni rahisi, lakini hata rula ya chuma inatosha. Mnyororo ukiwa umekazwa, pima kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.3 umelika kwa asilimia 0.5, na kwa mfumo wa gia 11 au 12 za nyuma huo ndio muda wa kubadilisha. Kwa gia 9 au 10 unaweza kusubiri asilimia 0.75, yaani 307.1. Ukivuka 307.8 jiandae kununua na kaseti. Tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo usikisie kwa macho.

Ukiwa bado ndani ya kipimo, tazama kutu yenyewe. Iliyo juu juu, inayotoka kwa kitambaa, si kitu. Kunja viungo kimoja kimoja kwa vidole. Kikikataa kukunjuka chenyewe, kutu imeingia kwenye pini, na mnyororo huo utakusumbua gia msimu mzima. Usiusafishe, ubadilishe.

Usafi sasa. Weka dawa ya kuondoa grisi kwenye brashi, si moja kwa moja kwenye kaseti, maana ikichuruzika hadi ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) itaosha grisi ya beringi. Kwa sababu hiyohiyo mashine ya maji ya kasi isikaribie habu wala krenki. Sugua dakika tano, suuza, kausha kwa kitambaa, kisha acha ukauke kabisa. Oili juu ya maji haiingii. Halafu tia tone moja kwenye kila kigurudumu cha mnyororo, upande wa ndani, ukianzia kwenye kiungo cha kufungulia ili ujue ulipoanza. Mnyororo wa barabarani una viungo zaidi ya mia, hivyo ni matone zaidi ya mia, na ni kazi ya dakika tatu. Zungusha pedali kinyumenyume nusu dakika, acha saa chache (oili ya hali ya kavu iache usiku kucha), kisha futa nje hadi kitambaa kisichukue tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa. Oili inahitajika ndani ya pini. Ya nje kazi yake ni kukamata mchanga, na mchanga na oili ukivichanganya umepata dawa ya kusagia chuma. Ile spreya ya kufukuza maji si oili ya mnyororo. Hulainisha siku moja, ya pili mnyororo unalia.

Kiungo cha kufungulia cha gia 11 na 12 watengenezaji wengi hukitaka kitumike mara moja tu. Ukifungua, weka kipya.

SWALI: Gia zilikuwa safi kabla ya baridi. Sasa zinachelewa, hasa kushuka kwenda gia ndogo ya nyuma. Sijagusa kitu.

JIBU: Ndiyo maana, waya umekaa mahali pamoja na unyevu umeingia. Kwenda gia kubwa unavuta waya kwa nguvu ya kidole, lakini kwenda gia ndogo ni springi tu inayorudisha, na springi haiwezi kushindana na ganda lenye uchafu. Badilisha waya na ganda la mwisho, lile fupi la karibu na gurudumu, kwani ndilo linalopigwa na maji ya tairi. Kama inachelewa kwenda gia kubwa, hapo waya umelegea: zungusha kirekebishi cha mkazo wa waya kinyume cha saa robo mzunguko, jaribu, ongeza. Ikigoma njia zote mbili, simama nyuma ya baiskeli utazame kama kishikio cha kibadili-gia kimepinda. Baiskeli iliyoegemezwa stoo na vitu vikaangukia upande wa kulia hupata ugonjwa huo, na hakuna kuzungusha kirekebishi kutakakoutibu.

SWALI: Breki zangu za mafuta: mkono wa nyuma unafika hadi kwenye usukani, nikiupiga mara mbili tatu unakaza. Ya mbele inakaza vizuri lakini inapiga kelele mtaa mzima unageuka. Baiskeli ilining'inizwa wima, gurudumu la mbele juu.

JIBU: Mna matatizo mawili yasiyohusiana, wewe na breki zako.

Ya nyuma ina hewa. Mafuta hayaminyiki, hewa inaminyika, ndiyo maana unahitaji kupiga mara mbili tatu. Karibu kila mfumo una kipovu kidogo ambacho kwa kawaida hukaa kwenye kitangi cha mkono wa breki bila kudhuru. Baiskeli ikikaa wima miezi, kipovu huweza kuhama kwenda kwenye bomba. Iweke usawa, minya mkono polepole mara ishirini, kisha ufunge kwa mpira ukiwa umekazwa na uuache usiku. Asubuhi mara nyingi unakuta umerudi. Usifurahi sana: hewa imerudi kwenye kitangi tu, bado imo. Kama tatizo likijirudia ndani ya wiki mbili, breki inahitaji kutolewa hewa na kujazwa mafuta mapya.

Hapo soma kifuniko cha kitangi kabla ya kununua chochote. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Nyingine hutumia mafuta ya DOT, ya jamii moja na yale ya magari. Ukiyatia ya aina moja kwenye mfumo wa nyingine, sili za mpira zitavimba au kulika, na utabadilisha breki nzima. Ya DOT pia hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa msimu uliopita isikutamanishe.

Kelele ya mbele karibu kila mara ni mafuta kwenye padi: spreya ya mnyororo iliyorushwa na upepo, au vidole vyenye grisi. Toa gurudumu, toa padi. Futa diski kwa spiriti safi na kitambaa ambacho hakijawahi kugusa oili. Sugua padi kwenye msasa mwembamba uliowekwa juu ya kitu tambarare hadi mng'ao uondoke. Padi iliyolowa hadi ndani hairudi, hata ukiichoma moto kama wengine wanavyoshauri. Wakati huo pima unene: kwa Shimano, nyenzo ya padi ikibaki milimita 0.5 ndiyo mwisho, na diski ikipungua chini ya 1.5 nayo imemaliza kazi. Gurudumu likiwa nje, usiminye mkono wa breki bila kuweka kizuizi kati ya padi. Pistoni zitatoka na kubana, na hutaweza kurudisha diski.

Padi mpya au zilizosuguliwa zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta mteremko mpole usio na magari, fika kilomita 20 au 25 kwa saa, punguza hadi mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, uachie. Fanya hivyo mara ishirini kwa kila breki. Ukisimama kabisa diski ikiwa ya moto, padi huacha alama mahali pamoja, na kelele inarudi.

SWALI: Matairi yangu hayana tyubu. Nikitikisa gurudumu nasikia kitu kigumu kinagonga ndani badala ya maji.

JIBU: Ni maji ya kuziba pancha yaliyokauka yakawa kidonge cha mpira. Hudumu miezi miwili hadi sita kutegemea joto na ukavu wa hewa, hivyo uliyoyatia kabla ya baridi yamekwisha. Toa upepo, fungua ukingo mmoja wa tairi, toa kidonge na ngozi iliyobanduka. Chunguza utepe wa ringi kuzunguka valvu, ndipo hewa hupita kwa kificho. Tia mililita 30 hadi 45 kwa tairi la barabarani la milimita 28 hadi 32, kama 60 kwa la changarawe la 40, na 90 hadi 120 kwa pana la milimani. Kiini cha valvu kikiwa kimegandwa, kifungue ukichokoe kwa sindano au uweke kipya. Paka ukingo maji ya sabuni, jaza hewa kwa kasi hadi usikie milio miwili ya tairi kukaa. Kisha zungusha, na ulilaze kila upande dakika chache.

Kama ringi zako ni zile zisizo na kulabu kwenye ukingo, usivuke baa 5 kwa hali yoyote, na kati ya kikomo cha ringi na cha tairi fuata kilicho kidogo.

SWALI: Nimefanya mazoezi sebuleni kwenye trena (kifaa cha kuendeshea baiskeli ikiwa imesimama) baridi yote. Baiskeli haijaona matope. Inahitaji matengenezo kweli?

JIBU: Kuliko ile iliyoning'inia stoo. Jasho ni maji ya chumvi, na ndani ya nyumba hakuna upepo wa kulipeperusha, linadondoka palepale: bolti za shingo, beringi ya juu ya usukani, na chini ya utepe wa mikono. Fungua utepe. Ukiona unga mweupe kwenye alumini, ufute utazame chini yake; vikiwepo vishimo, usukani huo usiuamini, alumini iliyolika huvunjika bila kuaga. Bolti zenye kutu zibadilishe moja moja, mpya zipakwe grisi kwenye uzi.

Kama trena yako inasukumwa na tairi la nyuma, tairi hilo limechomwa na joto na kuwa bapa katikati, libaki la ndani. Kama ni ile ya kuvua gurudumu, kaseti ya trena na ya gurudumu hazijakaa mahali pamoja kwa usahihi wa nywele, tegemea kurekebisha gia upya.

Na mwendeshaji wa sebuleni ana miguu lakini hana shingo wala mikono. Kona, kutazama nyuma na mashimo vinahitaji misuli ambayo trena haikuigusa, kwa hiyo wiki mbili za kwanza fupisha safari hata kama pumzi inakuruhusu.

SWALI: Nguzo ya kiti imekwama. Alumini ndani ya fremu ya chuma.

JIBU: Metali mbili na unyevu wenye chumvi vimefanya kutu ya kugandisha. Fungua kikaza, mwagia mafuta ya kupenyeza kuzunguka mdomo wa bomba, acha usiku, rudia. Kisha shika kiti kwa mikono miwili uzungushe kama unageuza usukani, usivute kwanza. Ikigoma, igandishe nguzo kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Alumini husinyaa kuliko chuma, na nafasi hiyo ya unywele inatosha. Fremu ikiwa ya kaboni, usitumie nguvu, mpelekee fundi. Ikitoka, paka grisi kabla ya kuirudisha. Kaboni haipakwi grisi, ina krimu yake yenye chembechembe.

SWALI: Betri ya baiskeli yangu ya umeme niliiacha ikiwa tupu banda la nje. Sasa chaja haiwashi taa.

JIBU: Betri ya lithiamu iliyoachwa tupu huendelea kupungua yenyewe, na seli zikishuka chini ya kiwango salama, saketi ya ulinzi hukataa kuchajiwa. Ilete ndani ikae saa kadhaa hadi ifike joto la chumba, kwa kuwa betri iliyo chini ya nyuzi 0 haipaswi kuchajiwa kabisa. Safisha sehemu zake za chuma zinazopitisha umeme kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena. Ikikataa, ipeleke kwa wakala wa mtengenezaji. Usiifungue wala kuilazimisha kwa chaja nyingine. Moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi. Baridi ijayo ihifadhi ndani ikiwa na chaji ya asilimia 30 hadi 60, uitazame kila baada ya wiki kadhaa.

SWALI: Helmeti ina muda wa mwisho?

JIBU: Ikipigwa mara moja, imekwisha, hata kama ufa hauonekani, povu lake hufanya kazi kwa kujisaga, na halisagiki mara mbili. Bila ajali, tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inashauri ibadilishwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Mikanda iliyokakamaa na povu linalomeguka kwa kucha havisubiri hesabu hiyo.

SWALI: Sijapanda tangu msimu uliopita uishe. Moyo unapiga haraka hata kwenye tambarare. Nimepoteza kiasi gani, na nirudi vipi bila kujiumiza?

JIBU: Umepoteza, lakini si kama unavyohofia. Mwaka 1984 mtafiti wa mazoezi Edward Coyle na wenzake walichapisha vipimo vya wanamichezo waliositisha mazoezi: uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 ndani ya siku 21, ukafika upungufu wa asilimia 16 siku ya 56, kisha ukatulia. Kinachoshuka haraka mwanzoni ni wingi wa damu, na ndiyo sababu moyo wako unakimbia: unasukuma kidogo kwa kila pigo, hivyo unapiga mara nyingi. Habari njema ni kwamba damu hurudi upesi, wiki mbili za mazoezi zinaanza kuonyesha.

Hatari iko hapohapo. Pumzi inarudi kabla ya kano, magoti na makalio hayajawa tayari, na mtu anajiona amepona wiki ya tatu, anapanda mlima kwa gia nzito, wiki ya nne yuko kitandani na barafu kwenye goti. Kwa hiyo ongoza kwa saa za kukaa kwenye kiti, usiongoze kwa kasi.

Wiki ya kwanza panda mara tatu, dakika 45 hadi 60, mwendo wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ya pili, mara tatu za saa moja na moja ya dakika 90. Ya tatu refusha ile ndefu hadi saa mbili, nyingine ziache zilivyo. Ya nne punguza theluthi nzima ya muda. Usiiruke hata ukijisikia simba, ndiyo wiki ambayo mwili unajenga. Ya tano ingiza siku moja ya kazi: baada ya dakika 20 za kupasha mwili, dakika 8 za mwendo ambao unaweza kusema maneno machache tu, dakika 4 za kupumua, rudia mara tatu. Ya sita rudia hiyo siku na upeleke safari ndefu hadi saa mbili na nusu. Milima mirefu na mashindano na marafiki vinaanzia hapo.

Kwa safari zinazozidi saa moja na nusu, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kuanzia nusu saa ya kwanza, wala usingoje njaa. Kunywa hata kama ni baridi. Jasho linakauka hulioni, lakini limetoka.

Kifua kikibana, kizunguzungu, au moyo ukipiga ovyo hata ukipumzika, shuka umwone daktari. Hilo si la kufanyia mpango wa wiki sita.

SWALI: Goti linauma mbele, chini kidogo ya kifuniko chake, kila nikifika kilomita ya 20. Mwaka jana halikuuma na kiti hakijaguswa.

JIBU: Kiti hakijaguswa, lakini pengine viatu au kliti (vibao vya chini ya viatu vinavyonasa kwenye pedali) zimebadilika, au kiti kimeshuka chenyewe. Maumivu ya mbele kwa kawaida ni kiti kilicho chini au gia nzito. Ya nyuma ya goti ni kiti kilicho juu. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukitaka namba, pima urefu wa ndani wa mguu kutoka sakafuni hadi msamba ukiwa pekupeku na zidisha kwa 0.883, unapata umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti. Mguu wa sentimita 80 unatoa 70.6. Hiyo ni pa kuanzia, si amri. Badilisha milimita 3 hadi 5 kwa safari, si sentimita mbili kwa mkupuo, usije ukahamisha maumivu yakaenda nyuma.

Kanyaga gia nyepesi, mizunguko 85 hadi 95 kwa dakika. Na joto likiwa chini ya nyuzi 15, funika magoti. Goti halina nyama ya kulikinga na upepo.

SWALI: Vifaa vya pancha viko kwenye mfuko wa kiti tangu mwaka jana. Vimefungwa, sidhani kama vinaharibika.

JIBU: Fungua mfuko sasa. Kitubu cha solusheni kilichowahi kufunguliwa karibu hakika kimekauka. Kiminye, kikitoa hewa tu, nunua kipya. Tyubu ya akiba ikitikiswa miezi pamoja na alenki hutobolewa na alenki hiyo, kwa hiyo ijaze upepo kidogo, uizamishe kwenye maji, kisha ikaushe na kuifunga ndani ya soksi kuukuu. Hakikisha urefu wa valvu unatosha kutokeza kwenye ringi zako. Ile pampu ndogo ijaribu kwenye tairi lenyewe hadi baa 4. Mpira wake wa ndani hukakamaa kwa baridi na ukapampu bila kitu kuingia. Tone moja la mafuta ya silikoni kwenye pistoni mara nyingi huurudisha.